Gia ya pikipiki ya rimoti kuisha meno: pima kabla ya kuagiza nyingine

Mkuu, umesema pikipiki yako ya rimoti imemaliza gia kubwa tatu za plastiki ndani ya miezi miwili, na sasa unataka kuagiza ya chuma. Subiri kwanza. Niko Mtwara, yamenikuta hayo hayo, na gia ya plastiki haikuwa na kosa.

Yangu ilianza kulia "krrr" kila nikiipa moto. Nilikuwa nimebadilisha pinioni, ile gia ndogo ya kwenye mota, kwa nyingine iliyokuja na basi kutoka Dar. Ilikuwa na meno 14 kama ya zamani na shafti iliingia vizuri, nikaridhika. Kumbe kuhesabu meno hakutoshi. Chukua venia, kile kipimo cha kubana cha milimita, pima gia kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino la ng'ambo, kisha gawanya kwa idadi ya meno ukishaijumlishia 2. Gia yangu kubwa ina meno 60 na upana wa milimita 37.2, gawanya kwa 62, unapata 0.6. Pinioni mpya ilikuwa milimita 8, gawanya kwa 16, ni 0.5. Hiyo ndiyo moduli, yaani kipimo cha ukubwa wa jino. Zikitofautiana, meno hayashikani hata ukaze vipi, na gia inayolika ni ile laini.

Zikilingana, kazi yenyewe ni nafasi. Legeza skrubu za mota, kata ukanda wa karatasi ya daftari, upitishe katikati ya gia mbili, sukuma mota mpaka karatasi ibanwe, kaza. Zungusha gia kubwa kwa kidole hadi karatasi itoke. Ikitoka na mikunjo ya meno inayoonekana wazi bila kuchanika, umepata. Ikichanika umebana mno, mota itachemka. Ikitoka nyororo, meno yanagusana nchani tu na yatakatika. Halafu zungusha taratibu duara zima ukihisi kwa kidole: gia nyingi za plastiki si duara kamili, kwa hiyo nafasi ipimwe pale panapobana zaidi. Mimi nilikuwa nikipima sehemu moja tu, ndiyo maana hata pinioni sahihi ilinisumbua wiki ya kwanza.

Skrubu ya pinioni ikae juu ya upande bapa wa shafti, na tone moja la gundi ya skrubu.

Mambo ya mbio ni kama spoketi za bodaboda: ya mbele ikiwa kubwa unapata mwendo, ikiwa ndogo unapata nguvu. Meno 60 ya gia kubwa gawanya kwa 15 ya pinioni ni 4. Kwa 14 ni karibu 4.3, na jino hilo moja utalisikia. Badilisha moja moja, endesha dakika tano, gusa mota. Ukishindwa kuacha kidole hadi uhesabu tano, punguza jino. Tena pikipiki si gari: ikiondoka kivivu inalala kabla haijapata mwendo wa kuisimamisha. Mimi nimebaki na 13.

Na ukichezea ufukweni, kama sisi Shangani, usipake grisi kwenye gia zilizo wazi. Mchanga unanata, grisi inageuka msasa. Mswaki mkavu kila baada ya betri moja unatosha.

Pima gia zote mbili leo, uweke hapa upana na idadi ya meno, nikusaidie kuhesabu.