Re: Mvinyo wetu unageuka siki na chupa zinapasuka, shida nini?

Mkuu, hayo ni matatizo mawili tofauti, usiyatibu pamoja.

Siki inaletwa na hewa. Zabibu za Makutupora zikishachachuka na maganda siku 5 hadi 7 (yashindilie chini mara 3 kwa siku, la sivyo yanakauka juu na kuanza kugeuka siki), kamua, jaza pipa mpaka shingoni, na mpira wa kutolea gesi uishie kwenye chupa ya maji. Pipa la nusu ndilo linalowaponza wengi. Kisha potasiamu metabisalfaiti (unga wa kuhifadhi mvinyo usiharibike), gramu 1 kwa lita 10. Na stoo ya bati kwa joto la Dodoma haifai. Ikizidi nyuzi 30 chachu inachoka, bakteria wanashika usukani.

Kupasuka ni sukari. Wateja wengi wa mjini wanataka mtamu, nanyi mnaongeza sukari chachu ikiwa hai, inatoa gesi ndani ya chupa. Pima kwa haidromita (kipimo cha uzito wa mvinyo ukilinganisha na maji, kinachoonyesha sukari iliyobaki): mwanzoni karibu 1.090, mwisho chini ya 1.000 bila kubadilika siku 3. Ukitia sukari, pasha mvinyo ndani ya chupa hadi nyuzi 65, dakika 15, ili kuua chachu, uzibe ungali moto. Harufu ya tunda inapungua kidogo, ndiyo gharama yake.

Baa zenye leseni zitadai nembo ya TBS (shirika la viwango) na stempu ya TRA (mamlaka ya kodi), anzeni mapema.