Antibodi ya aromatezi imetoa bendi mbili kwenye ovari ya tafi, niamini ipi?

SWALI: Asalaam aleikum mwalimu. Niko Malindi, nafanya masters juu ya uzazi wa tafi. Nimenunua antibodi ya sungura ya kutambua aromatezi ya binadamu, yaani kile kimeng'enya kinachotengeneza estrojeni, nikafanya westani bloti (kutenganisha protini kwa ukubwa kisha kuzitambua kwa antibodi) ya ovari za samaki wanaoshushwa hapa. Nilitarajia bendi moja kwenye kilodaltoni 55 lakini nimepata moja nzito kwenye 75 na nyingine kwenye 55 ambayo ni hafifu mpaka ukodoe macho. Madume nao wana ile ya 75. Kontroli yangu, yaani sampuli ya kulinganishia, ni kondo la nyuma la binadamu (nilipata ruhusa), nalo limetoa 55 nzuri lakini pia 50 na 25. Supavaiza anasema niandike hiyo 55 niendelee. Nibadilishe antibodi?

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Usinunue kitu bado, na hiyo 55 ya tafi usiiandike popote kwa sasa, supavaiza wako atanisamehe.

Tuanze na kondo manake hilo ni rahisi. Aromatezi ya binadamu ina amino asidi 503, uzito wake ni kama kilodaltoni 58 na kwenye jeli wengi huiona kati ya 55 na 58, kwa hiyo hapo antibodi yako iko hai na inafanya kazi. Hizo 50 na 25 mimi nashuku ni damu tu. Kondo limejaa damu, na damu imejaa antibodi za mama mwenyewe, ukizichemsha kwenye bafa zinaachana mnyororo mzito 50 na mwepesi 25, halafu antibodi yako ya pili, ile inayoshika ya kwanza ili bendi ionekane, inazishika hata kama imeandikwa ni ya kushika za sungura tu. Kata kipande cha membreni, ile karatasi ya bloti, usikiweke antibodi ya kwanza kabisa, weka ya pili peke yake. Zikibaki hizo bendi mbili basi umeshajua, safisha kondo kwa maji ya chumvi baridi mpaka liache kutoa wekundu, au tafuta antibodi ya pili iliyochujwa dhidi ya zile za binadamu.

Sasa tafi, na hapa ndipo penye kazi.

Antibodi haijui jina lililoandikwa kwenye kichupa, inajua kile kipande alichodungwa sungura. Fungua datashiti utafute kipande hicho kimetoka sehemu gani ya protini. Aromatezi ya samaki na ya binadamu zinafanana zaidi kidogo ya nusu tu, kwa hiyo kipande kikitoka mwanzoni mwa mnyororo, ambako samaki na binadamu wameachana sana, huenda unatafuta kitu ambacho tafi hana. Kikitoka karibu na pale protini inaposhika himu, ile yenye chuma, sehemu hiyo haibadiliki sana kutoka mnyama mmoja hadi mwingine na utasema alhamdulilahi, lakini ngoja kwanza, sehemu hiyo hiyo wanayo pia ndugu zake wote wa ukoo wa P450, na ini na gonadi zimejaa hao. Yaani kipande kinachokupa matumaini ya kushika samaki ndicho kinachokuletea wageni. Chukua mfuatano wa kipande uulinganishe na wa tafi kwenye hifadhidata ya NCBI, ni bure, ukikosa tafi tumia samaki aliye karibu naye. Hiyo 75 ambayo hata madume wanayo mimi sioni kama ni aromatezi, ni kubwa mno.

Lingine ni hao tafi wenyewe, uliwachagua vipi? Nahisi ulichukua wale wenye mayai tele tumbo limejaa, kila mtu anafanya hivyo kwa sababu ovari inaonekana vizuri. Ndio wabaya zaidi kwa kazi hii. Aromatezi iko kwenye ule utando mwembamba wa seli unaozunguka yai, ndani ya yai kwenyewe ni kiini kitupu, kwa hiyo ukipakia mikrogramu 30 za protini karibu zote ni kiini na unachokitafuta kimezama humo. Halafu yai likishakomaa samaki anapunguza estrojeni na kuhamia homoni nyingine za kuliivisha, aromatezi ya ovari nayo inashuka. Tafuta wale ambao mayai ndio yanaanza kujazwa. Na kama unaweza kupata sentrifuji kubwa ya mzunguko wa 100,000 g tenga mikrosomu, yaani vipande vya utando wa ndani ya seli, protini hii inakaa kwenye utando wa retikulamu, ukipakia mikrosomu badala ya ovari nzima mambo yanakuwa tofauti kabisa.

Kontroli nzuri kuliko kondo unayo na labda unawaachia watu wakapike supu: kichwa. Samaki wengi wa mifupa wana jini mbili za aromatezi, moja ya ovari na moja ya ubongo, na ubongo wao una utendaji mara 100 mpaka 1,000 kuliko ubongo wa mamalia. Pakia ubongo wa tafi pembeni ya ovari na pembeni ya msuli, msuli uwe ndio mstari wako wa kutotarajia kitu. Lakini kumbuka ni protini mbili zinazokaribiana tu, antibodi inaweza kushika moja ikaiacha nyingine. Ukiweza kununua kile kipande chenyewe uichanganye antibodi nacho kwanza, bendi itakayobaki pale pale ni ya uongo, ila itakayopotea si lazima iwe ya kweli, manake ndugu wa P450 wenye kipande kinachofanana nao watapotea.

Stima zetu unazijua, kwa hiyo gawa antibodi vichupa vidogo vidogo siku ile ile inapofika, usiigandishe na kuiyeyusha kila wiki, na freeza zile zinazojiyeyusha barafu zenyewe uziepuke. Sodiamu azaidi, ile dawa ya kuzuia kuoza, kwenye antibodi ya kwanza haina neno, ila isiingie kwenye ya pili yenye peroksidezi, kimeng'enya kinachofanya bendi ionekane, inaizima na utakaa unashangaa membreni nyeupe.

Na hata ukiipata bendi, itakuambia protini ipo, haitakuambia inafanya kazi kiasi gani. Kama swali la tesisi yako ni samaki anatengeneza estrojeni kiasi gani, basi pima estradioli, estrojeni yenyewe kuu, kwenye damu kwa elaiza, kipimo cha homoni kinachotumia antibodi. Molekuli ya estradioli ni ile ile kwa tafi na kwa binadamu kwa hiyo huna shida ya spishi hapo, ila itoe kwanza kwenye plazma kwa etha, usimwage plazma moja kwa moja kwenye vifaa vya elaiza.

Nitumie namba ya katalogi na picha ya membreni nzima, sio iliyokatwa.