Barua kwa Mwanangu: Anzia Bahari Unayoijua

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mamako hajambo, ila anauliza kama kile kiyoyozi cha Doha bado kinakuumiza kifua.

Umeniuliza uanze na riwaya gani ya maana, katika hizi za bunilizi ya kisayansi, yaani hadithi za sayansi ya kubuni, na fantasia, yaani za maajabu. Umenunua tatu, zote umeziacha katikati, na sasa wadhani kasoro ni yako. Si yako. Umezichagua kwa majalada, na majalada yote yana joka na upanga. Mimi kitabu nakipa kurasa hamsini. Kikishindwa kunishika, nakirudisha rafuni bila kukiomba radhi.

Mimi nilizifikia kwa kuzunguka. Mwaka 2022 nilisikia kwamba binti wa papa hapa Mombasa, Khadija Abdalla Bajaber, ameshinda Tuzo ya Ursula K. Le Guin, tena ilikuwa mara ya kwanza kutolewa. Riwaya yenyewe ni The House of Rust, ya 2021. Nikaitafuta. Aisha, msichana wa Kihadhrami, wale wenye asili ya Yemeni, babake ni mvuvi na ametoweka baharini. Anamfuata kwa chombo cha mifupa, na mwenzake safarini ni paka msomi anayesema. Mimi niliyekaa bandarini miaka thelathini nikihesabu makontena, sikushangaa hata kidogo. Paka wa Mji wa Kale si unawajua? Anakutazama barazani kama mtu aliyesikia habari zako na hataki kukwambia. Lakini kilichonikaa moyoni si madubwana ya baharini. Ni vile msichana anavyorudi nyumbani akaona hapamtoshi tena. (Nimekuharibia kidogo, nisamehe. Na usifikiri nakusema wewe.)

Baada ya hapo nikajiuliza: huyu Le Guin ambaye tuzo ina jina lake ni nani? Ni mwandishi wa Marekani, alifariki 2018. Nikapata A Wizard of Earthsea, ya 1968, kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, jalada limeng'oka. Visiwa vitupu na mashua! Kijana anajifunza uganga, na uganga wenyewe ni kujua jina la kweli la kitu. Kwa majivuno yake anafungulia kivuli kinachomwandama, mpaka siku anayoamua kugeuka akiandame yeye. Ni kijitabu chembamba. Ramani iliyo mwanzoni isikutishe, wewe ni mtoto wa mtu wa bandari.

Basi hivyo ndivyo ninavyovipata: kitabu nilichokipenda nakiuliza kimetoka kwa nani. Orodha za vitabu bora sizifuati, zimenipotezea pesa.

Cha Kiswahili je? Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951, umeisoma. Nchi nzima iko angani, na hukuogopa, kwa sababu hakuna aliyekwambia kwamba hiyo ni fantasia. Ulishughulika na kesi ya yule mshtakiwa, Karama, tu. Sasa tafuta Walenisi ya Katama Mkangi, mtu wa pwani yetu, aliyewahi kutiwa kizuizini miaka ya 1980. Ilitoka 1995. Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa katika chombo cha kuruka ili akafie huko juu, naye anafika nchi nyingine kabisa. Likate lile jina polepole: wale ni sisi. Nikwambie kweli, akishafika huko hotuba zinakuwa ndefu, na mara mbili nililala. Lakini ile safari niliisoma usiku mmoja, mamako akizima taa nami nikiwasha.

Nakala yangu ya Walenisi nimempa shangazi yako, anapanda ndege Ijumaa. Ukurasa wa kwanza una jina langu kwa wino. Usimwazime mtu; nakala ya kwanza niliyokuwa nayo nilimwazima jirani, na hadi leo tukikutana msikitini ananiuliza habari za mvua.

Babako