Tozo inapolipwa, majengo yanapojengwa na mwanachuo anapokosa chuma cha kujifunzia: jibu kutoka Kigoma

Ndugu mleta mada, umeuliza mambo mawili. La kwanza ni kwa nini serikali inajenga vyuo vya VETA (Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi) wilayani kwa kasi hivi, ilhali baadhi ya wahitimu wanaokuja mitaani bado hawawezi kuunga geti bila kusimamiwa. La pili ni kama umpeleke mdogo wako chuoni au umwache kwa fundi pale Mwanga, hapa Kigoma mjini. Nitakaa zaidi kwenye lile la kwanza kwa sababu jibu la pili limo ndani yake. Nilifundisha uchomeleaji kwa miaka kadhaa katika chuo cha taasisi ya dini mkoani hapa, na sasa nina karakana yangu Gungu ambako ninapokea vijana wa mafunzo ya vitendo kutoka vyuo mbalimbali, hivyo ninayoyasema nimeyaona nikiwa mwalimu na pia nikiwa mwajiri.

Tuanze na fedha. VETA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na chanzo chake kikubwa kikawa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo mwajiri hulipa Mamlaka ya Mapato (TRA) kama asilimia ya jumla ya mishahara anayolipa. Wengi hudhani kwamba tozo hiyo yote huenda kwenye karakana, lakini utaratibu ni kwamba theluthi moja ndiyo inayokwenda VETA, na theluthi mbili huingia Mfuko Mkuu wa Serikali, ambako hugharimia mambo mengine. Kiwango chenyewe kimekuwa kikishuka: kilikuwa asilimia 6, kikawa 5 mwaka 2013, 4.5 mwaka 2016, 4 mwaka 2020 na 3.5 mwaka 2023. Mwaka 2021 waajiri wenye wafanyakazi chini ya kumi waliondolewa kabisa, wakati awali tozo ilianzia kwa mwenye wafanyakazi wanne. Siwalaumu waajiri waliolilia punguzo hilo, kwa sababu asilimia 6 juu ya kila mshahara ilikuwa mzigo wa kweli, na karakana ndogo kama yangu imenufaika na msamaha wa mwaka 2021. Hata hivyo hesabu haidanganyi: kwa mwajiri anayelipa mishahara ya shilingi milioni 10 kwa mwezi, theluthi ya VETA ilikuwa shilingi 200,000 wakati wa asilimia 6, na kwa asilimia 3.5 inakuwa kama 117,000. Ili mfuko ubaki pale pale, waajiri na mishahara rasmi lazima viongezeke kwa kasi inayofidia pengo hilo, huku vyuo vya kuhudumiwa navyo vikiongezeka.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana, nalo linatuhusu sisi wa magharibi moja kwa moja. Tozo inayotokana na mishahara huzaliwa palipo na mishahara, yaani Dar es Salaam, migodini na kwenye viwanda vikubwa. Ukitoa taasisi za umma, benki na kampuni chache, uchumi wa Kigoma unaendeshwa na watu wasio na hati ya mshahara: wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga, wakamuaji wa mawese, wenye maboti, wakulima wa Kasulu na Buhigwe. Mwajiri anayelipa tozo hupata sauti ya kusema anataka mafundi wa namna gani, na ni haki yake, lakini fundi anayeunda maboti ya mbao ufukweni hana pa kusemea. Ndiyo maana kozi ambazo utazikuta karibu kila chuo ni umeme wa majumbani, ushonaji, uashi, magari, uchomeleaji na kompyuta, wakati mashine ya kukamulia mawese inapoharibika mtu anatafuta fundi aliyejifunzia gizani.

Sasa kuhusu majengo. Fedha za maendeleo huja kwa mkupuo, zina mradi, zina jiwe la msingi na zina mgeni rasmi. Mwaka 2021 sehemu ya mkopo wa kukabili athari za UVIKO-19 ilielekezwa kukamilisha vyuo 25 vya wilaya, na miongoni mwake vimo vya kwetu, kama Buhigwe na Uvinza, na vya jirani zetu wa Tabora, kama Uyui na Igunga. Kisha ikafuata awamu ya vyuo vingine 64, yaani 63 vya wilaya na kimoja cha mkoa wa Songwe. Ninaiunga mkono kazi hiyo bila kinyongo. Kijana wa Buhigwe aliyekuwa akilazimika kupanga chumba Kigoma mjini ili asome sasa ana chuo karibu na kwao, na kwa msichana tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye takwimu.

Lakini rodi za kuchomelea, diski za grainda, nyaya, saruji ya mazoezi, gesi, umeme na mshahara wa mwalimu havitoki kwenye fungu la ujenzi. Hutoka kwenye matumizi ya kawaida, fungu ambalo hupunguzwa kwanza na kuchelewa zaidi, kwa sababu hakuna anayekata utepe kwa ajili ya katoni ya rodi. Uchomeleaji ni stadi ya mkono na jicho: mwanafunzi anapaswa kuunguza chuma kingi sana kabla mkono haujatulia, na chuma alichokiunguza vibaya hakiuziki. Pale nilipofundisha, ambako hatukupata ruzuku ya uendeshaji, ilifika wakati tukawa tunakata vipande vilevile na kuviunga upya mpaka vikawa vifupi visivyokamatika kwenye jiliwa. Mwanafunzi aliyesoma muhula wa namna hiyo atafaulu nadharia vizuri, kisha atakuja kwako akushangaze.

Kwenye vyuo vya serikali ada ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa kutwa na 120,000 kwa bweni, na sera hiyo ni njema kwa mzazi wa kawaida, lakini maana yake ni kwamba ada haiwezi kuziba pengo la vifaa. Pengo lazima lizibwe na bajeti, au na kazi za wateja ambazo chuo kinapokea. Kazi hizo zina nguvu kuliko mtaala. Mwaka 2016, serikali ilipoagiza shule zote ziwe na madawati ya kutosha, karakana za huku zilipata oda ambazo hazikuwa zimewahi kuonekana, na vijana niliokuwa nao mwaka huo waliunga pembe za fremu asubuhi hadi jioni. Hawakuwa na akili kuliko waliowatangulia, walipata chuma. Serikali ingeamua kwamba sehemu ya samani na milango ya majengo yake ya wilayani itengenezwe na vyuo vya hapo hapo, chini ya usimamizi wa kweli, ingekuwa imefadhili mafunzo bila kuongeza tozo yoyote.

Kuhusu sera mpya, nina matumaini yenye tahadhari. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi na stadi za kazi, sekondari, na utekelezaji wa mitaala ulianza Januari 2024. Kinachonitia wasiwasi ni walimu, kwa kuwa mwalimu mzuri wa umeme hutafutwa pia na makandarasi, na shule haiwezi kushindana nao kwa mshahara. Jambo ambalo ningependa lipewe fedha zaidi ni urasimishaji wa ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia mtaani hupimwa, huongezewa anachokosa na kupewa cheti. Kwa mkoa wetu huo ndio mlango wa yule fundi wa maboti na yule wa mashine za mawese, na gharama yake kwa mtu mmoja ni ndogo kwa sababu stadi tayari anayo.

Kwa mdogo wako, basi, usichague kati ya chuo na fundi. Mpeleke chuoni kwa ajili ya nadharia, usalama kazini na cheti, kwa kuwa bila cheti hataingia kwenye ajira rasmi wala mradi mkubwa, kisha wakati wa likizo arudi kwa fundi wa Mwanga. Kabla ya kulipa ada nenda chuoni siku ya kazi, si siku ya mahafali. Omba kuingia karakana, tazama kama kuna vipande vya chuma vilivyounguzwa karibuni, uliza kila mwanafunzi hupewa rodi ngapi kwa wiki na mwalimu mmoja anasimamia wangapi. Wasipotaka kukujibu, tafuta chuo kingine, hata kama jengo lake ni la zamani. Kozi ndefu huanza Januari, kwa hiyo fuatilia tangazo la maombi mapema kwenye ofisi ya chuo.