Blues: Mshike Mmoja, Akupeleke kwa Mwalimu Wake

Wengi wanaotaka kuijua blues, muziki uliozaliwa na Wamarekani weusi wa Kusini, huanza kwa kutafuta orodha ya nyimbo bora za wakati wote. Wanaisikiliza jioni mbili tatu, sauti zote zinafanana masikioni, wanaacha. Ushauri wangu ni mwingine: mshike mwanamuziki mmoja tu. Kaa naye mpaka uitambue sauti yake hata ikitokea nyumba ya jirani. Kisha uliza ni nani aliyemfundisha, uhamie kwa huyo. Blues ina silsila. Wapigaji wake karibu wote walimjua mwalimu wao kwa jina, walimtazama vidole kwa karibu, na wengine walimshika mkono njiani kwa kuwa alikuwa haoni. Ukiifuata silsila hiyo kurudi nyuma, utafika kwenye mashamba ya pamba ya Mississippi ukijua kwa nini umefika.

Mimi niliingilia kwa mwimbaji na mpiga gitaa B.B. King, na bado huwaelekeza watu mlango huohuo. Tafuta albamu ya Live at the Regal, iliyorekodiwa jukwaani katika ukumbi wa Regal, Chicago, tarehe 21 Novemba 1964. Sijakutana na rekodi nyingine ya blues inayompokea mgeni vizuri hivi. Tega sikio kwa jambo moja: King haimbi huku akipiga gitaa. Anaimba mstari, ananyamaza, halafu gitaa lake, alilolipa jina la Lucille, linamjibu. Noti ni chache, lakini kila moja imevutwa na kutikiswa mpaka inalia. Anza na How Blue Can You Get. Mwanamume anamhesabia mwenzake vyote alivyompa, na jinsi kila kimoja kilivyodharauliwa: gari, chakula, nyumba. Anafika kwenye watoto saba, ambao sasa mwanamke anataka kumrudishia, na ukumbi mzima unalipuka. Makelele yale ni sehemu ya wimbo. Watu wa Regal hawakuja kutazama tu, walikuja kuitikia, na msikilizaji aliyekulia kwenye ngoma za kupokezana atajisikia yuko nyumbani.

Miaka kumi baadaye, Septemba 1974, King alipiga Kinshasa, katika tamasha la siku tatu lililopangwa kwenda sambamba na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Pambano lilisogezwa hadi tarehe 30 Oktoba kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, lakini muziki haukungoja. Video za onyesho lile zipo. Zitazame baada ya kusikiliza Regal, umwone anavyofumba macho na kukunja uso kila anapouvuta uzi.

Kabla hujaenda mbali, jifunze umbo la wimbo wenyewe, kwa sababu ukishalijua utaanza kusikia nani analifuata na nani analivunja. Ubeti wa kawaida una mistari mitatu ndani ya baa 12, yaani vipimo 12 vya mapigo. Mstari wa kwanza unaimbwa, unarudiwa, halafu wa tatu unakuja na jibu. Nimetunga mfano:

Treni imeshaondoka, nimebaki stesheni.
Nasema treni imeshaondoka, nimebaki stesheni.
Nauli ninayo mkononi, ila aliyenialika simuoni.

Kule kurudia kuna kazi yake. Kunampa mwimbaji nafasi ya kubadilisha uzito wa maneno yaleyale, na kunampa msikilizaji muda wa kungojea jibu. Baada ya kila mstari hubaki nafasi, na ndiyo nafasi ya gitaa. Maneno nayo yana mafumbo mengi, ya mapenzi hasa, na mpenzi wa taarabu hatahitaji kuelezwa mara mbili jogoo, nyuki au jiko vinasimamia nini.

Sasa turudi kwenye silsila. King mwenyewe alisema mara nyingi kwamba T-Bone Walker ndiye aliyemtia hamu ya gitaa la umeme. Sikiliza Call It Stormy Monday ya mwaka 1947, wimbo unaozitaja siku za wiki mpaka Jumapili ya kwenda kanisani, utasikia King alikotoa ule upole wake. Na T-Bone alipokuwa mvulana huko Dallas alikuwa akimwongoza mitaani Blind Lemon Jefferson, kipofu wa Texas aliyeanza kurekodi blues kwa jina lake mwaka 1926, akawa miongoni mwa wanaume wa kwanza wenye gitaa tu kuuza santuri kwa wingi. Hatua mbili tu, na umetoka kwenye ukumbi wa Chicago mpaka kwa mwombaji wa pembeni mwa barabara.

King alikuwa na mwalimu mwingine, wa damu: binamu ya mama yake, Bukka White, aliyempokea Memphis. White alipiga gitaa kwa kuteleza chuma juu ya nyuzi. King hakuweza kuiga mtindo ule, akaanza kukitikisa kidole chake juu ya uzi ili apate sauti inayokaribia ile, na hapo ndipo ulipotoka mtikisiko uliomfanya ajulikane kwa noti moja. Tafuta Fixin' to Die Blues, aliyoirekodi White mwaka 1940. Mwaka 1963, vijana wawili wapenzi wa santuri za zamani walitaka kujua kama bado yu hai. Kwa kuwa alikuwa ameimba juu ya mji wa Aberdeen, Mississippi, walituma barua pale posta, juu ya bahasha wakaandika tu jina lake na kwamba ni mwimbaji mzee wa blues. Yeye alikuwa Memphis, na barua ikamfikia.

Mississippi John Hurt alipatikana mwaka huohuo kwa njia inayofanana na hiyo. Alirekodi mwaka 1928, santuri hazikuuzwa, akarudi kulima. Miaka 35 baadaye mtu mmoja alisikiliza Avalon Blues, akasikia anautaja Avalon kuwa ndio kwao, akatafuta kijiji hicho kwenye ramani, akaenda, akamkuta. Hurt ndiye ninayempa mtu aliyechoka. Kidole gumba chake kinatembea kwenye besi bila kukosea, vidole vingine vinaimba juu yake, na sauti yake ni ya mzee anayeongea barazani bila haraka.

Silsila ya pili, ambayo kwangu ndiyo shina, inapitia kwa Muddy Waters. Mwaka 1941 Alan Lomax alifika shamba la Stovall, Mississippi, akikusanya nyimbo kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Akamrekodi kibarua wa pamba aitwaye McKinley Morganfield, ambaye jina la utani lilikuwa Muddy Waters. Mojawapo ya nyimbo zile ni I Be's Troubled. Miaka miwili baadaye Muddy alipanda treni kwenda Chicago, mmoja kati ya Wamarekani weusi takriban milioni 6 waliohama Kusini katika karne iliyopita wakikimbia ubaguzi na umaskini wa mashambani. Mjini kulikuwa na kelele, gitaa la kawaida halikusikika kwenye baa, akachukua la umeme. Mwaka 1948 akaurekodi wimbo uleule kwa jina la I Can't Be Satisfied. Nakuomba sana uzisikilize rekodi hizo mbili siku moja, moja baada ya nyingine. Hakuna maelezo ya kitabu yatakayokuonyesha uhamaji ule kama dakika hizo sita. Kisha endelea na Hoochie Coochie Man ya 1954, na ukiwa na moyo mkubwa, Howlin' Wolf katika Smokestack Lightning ya 1956, wimbo unaokaa kwenye kodi moja tu, yaani fungu moja la noti zinazopigwa pamoja, na sauti inayokwaruza.

Muddy alijifunza kwa kumtazama Son House, na Son House ndiye ninayempenda kuliko wote. Alikuwa mhubiri aliyevutwa na kanisa upande mmoja na blues upande wa pili, na hakuna upande uliowahi kumwachia. Mwaka 1930 alirekodi Grafton, Wisconsin, akifuatana na mpiga blues mwenzake Charley Patton, kwa kampuni ya Paramount. Kampuni hiyo ilizaliwa na kiwanda cha samani kilichokuwa kikitengeneza pia makabati ya gramafoni, na santuri zake zilikandwa kwa malighafi duni. Ndiyo sababu rekodi nyingi muhimu za Patton, House na Skip James zina mkwaruzo mkubwa. Usianzie hapo. Anza na House wa mwaka 1965, alipokwisha kupatikana tena akiishi Rochester, New York. Death Letter ni habari ya mtu anayepokea barua kwamba mwanamke anayempenda amekufa. Anapiga nyuzi kwa nguvu kana kwamba anataka kuzikata. Halafu Grinnin' in Your Face: hamna gitaa, ni sauti na makofi tu, na makofi yenyewe yanayumba. Ukishaizoea sauti hiyo ya uzeeni, rudi 1930, na sikio litaupita mkwaruzo lenyewe. Tumia hedifoni, si spika ya simu, maana besi ya kidole gumba hupotea kabisa kwenye simu.

Robert Johnson naye alikuwa kijana aliyekuwa akiwazengea Son House na wenzake. Alirekodi nyimbo 29 tu, San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937, akafa Agosti 1938 akiwa na miaka 27. Utaambiwa kila mahali kwamba aliuza roho kwa shetani kwenye njia panda. Simulizi hiyo inanikera, kwa sababu inamnyang'anya jasho lake. Johnson alikaa na mpiga gitaa mkubwa kwa umri aitwaye Ike Zimmerman, na familia ya Zimmerman husimulia kwamba walifanya mazoezi usiku makaburini, ambako hapakuwa na mtu wa kusumbuliwa. Alikuwa na mwalimu, akafanya mazoezi. Sikiliza Come On in My Kitchen, jinsi anavyoshusha sauti mpaka mnong'ono, na gitaa likaiga upepo, utajua ni kazi ya binadamu aliyejituma.

Wanawake ndio waliofungua soko la santuri hizi, na ni aibu kuwaweka mwishoni kama wengi wafanyavyo. Tarehe 10 Agosti 1920 Mamie Smith alirekodi Crazy Blues jijini New York, ikauzwa kwa kasi ambayo kampuni za santuri hazikuitarajia kwa mwimbaji mweusi. Bila mauzo hayo, nani angekwenda kumtafuta Patton shambani? Lakini ukiwa na nafasi ya wimbo mmoja tu, chukua St. Louis Blues ya Bessie Smith ya mwaka 1925. Yupo yeye, harmoniamu (kinanda cha upepo), na Louis Armstrong kwenye koneti, ndugu wa tarumbeta. Bessie anaburuta kila neno, Armstrong anamjibu kwa upole, na hakuna anayemzidi mwenzake. Yule mwanamke alipofariki mwaka 1937 kaburi lake lilikaa bila jiwe lenye jina mpaka 1970, wakati mwimbaji wa roki Janis Joplin na Juanita Green, aliyewahi kumfanyia Bessie kazi za nyumbani, walipolipia jiwe.

Armstrong huyohuyo, mwaka 1930, alipiga kwenye rekodi ya Jimmie Rodgers, mzungu wa Meridian, Mississippi, aliyechanganya blues na mtindo wa kuruka kwa sauti kutoka chini kwenda juu. Santuri za Rodgers zilifika hadi nyanda za juu za Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers kwa matamshi yao, wakimfikiria kuwa kiumbe nusu mtu nusu swala. Rekodi hiyo ipo mtandaoni, na ni nzuri mno.

Ukianza kuwagawia wengine, usimtumie mtu nyimbo 20 kwa mkupuo. Mtumie moja, iliyochaguliwa kwa ajili yake. Mwanakwaya mwenzangu nilimpa Dark Was the Night, Cold Was the Ground ya Blind Willie Johnson, ya mwaka 1927, ambayo haina neno hata moja, ni mguno na gitaa tu, na ambayo NASA iliirusha angani mwaka 1977 kwenye vyombo vya Voyager. Hiyo ni ya dini zaidi kuliko blues, lakini mkono unaoipiga ni uleule. Anayependa kucheza mpe Boogie Chillen ya John Lee Hooker, ya 1948: mtu mmoja, gitaa moja, na mguu unaogonga sakafu. Anayedai kwamba huu ni muziki wa Wamarekani tu mpe Talking Timbuktu ya mwaka 1994, Ali Farka Touré wa Mali akiwa na mpiga gitaa Mmarekani Ry Cooder, umwache asikilize bila kubishana naye.

Na kwa anayetaka walio hai, silsila haijakatika. Mwaka 1964 Muddy Waters alitoa albamu ya Folk Singer, ya magitaa yasiyo ya umeme, na aliyeketi kando yake ni kijana kutoka Louisiana, Buddy Guy. Mwaka 2019 Buddy Guy, akiwa na zaidi ya miaka 80, aliingia kwenye albamu ya kwanza ya Christone Ingram, anayeitwa Kingfish, mzaliwa wa Clarksdale, mwendo mfupi kutoka lilipo shamba la Stovall. Wimbo waliouimba pamoja unaitwa Fresh Out. Ukiusikiliza, ngojea zamu ya gitaa la mzee.