Tepu nyeupe ya bomba: niulize niliyebomoa vigae

Mwaka jana nilibadilisha koki ya bafuni kwangu mwenyewe. Nikaviringisha tepu nyeupe kwenye meno yake, nikakaza, nikafungulia maji, kukawa kukavu. Asubuhi nikakuta tone linaning'inia kwenye maungio. Nikafungua, nikaongeza tepu juu ya ileile, nikakaza kwa spana kwa nguvu zangu zote. Elbo ya plastiki, yaani kiungo cha kona, iliyofukiwa ukutani ikapasuka. Tulibomoa vigae vitatu kuifikia.

Fundi aliyekuja aliniuliza swali moja tu: "Ulizungusha kuelekea upande gani?" Sikuwa nimewahi kuliwazia.

Elekeza meno ya koki usoni kwako, halafu zungusha tepu jinsi mshale wa saa unavyokwenda, yaani upande uleule ambao ungezungusha nati ukiifunga hapo. Ukienda kinyume, unapokaza tepu inafumuka na kujikunja pembeni, meno yanabaki wazi. Acha jino la kwanza bila tepu, maana vipande vinavyokatika pale huingia ndani na kuziba matundu ya bomba la mvua. Ivute kidogo wakati unaviringisha, ilale ndani ya meno mpaka uone umbo la meno hayo. Na meno yawe safi: tepu ya zamani iondoe yote kwa brashi, usirundike mpya juu yake kama nilivyofanya mimi.

Kosa langu la pili lilikuwa kuidhania tepu ni gundi. Haigandishi chochote. Inajaza mwanya mwembamba unaozunguka na meno, na kwa kuwa inateleza sana, inaruhusu koki izame zaidi. Utelezi huo ndio hatari kwenye plastiki, kwa sababu mkono hauhisi kwamba umeshapita kiasi. Kwa bomba la nusu inchi, kwenye plastiki mimi huweka mizunguko mitatu au minne. Chuma kwa chuma, mitano hadi saba. Plastiki ifunge kwa mkono kwanza, spana iongeze kidogo tu.

Kuna hili pia, ambalo nimeona hata mafundi wakilifanya: koki imekazwa, mdomo umepita kidogo, haujaangalia chini sawasawa, basi wanairudisha nyuma robo mzunguko. Tafadhali, usirudishe. Tepu ikishabanwa haijazi tena mwanya ulioufungua. Toa koki, safisha, viringisha tepu mpya, uanze upya. Tepu ni bei rahisi kuliko vigae.

Kwenye mpira wa kuunganishia sinki, au popote penye ringi ya mpira ndani ya nati, tepu haina kazi. Ringi hiyo ndiyo inayozuia maji. Na kwa mabomba ya chuma ya zamani ambayo meno yameliwa na kutu, ile njia ya mafundi wazee ya kuzungushia nyuzi za katani na kupaka rangi bado naiamini zaidi, kwa sababu katani hufura ikilowa.

Ukimaliza, futa maungio yakauke, kisha yapitishie karatasi ya chooni. Unyevu mdogo kabisa utauona hapo. Usiku funga koki zote, andika namba za mita, pamoja na zile nyekundu za mwisho. Soma tena alfajiri kabla mtu hajachota maji. Uniti moja ni lita 1,000, lakini hizo nyekundu zitakuonyesha hata lita chache zilizopotea mkiwa mmelala.