Mbu wa Igombe alipata wapi jeni ya kuvunja dawa ya neti?

SWALI: Ticha shikamoo. Nipo Igombe, Mwanza, huku ziwani, nasoma fomu siksi PCB. Nasikia mbu wa huku kwetu dawa ya neti haiwaui tena vizuri kwa sababu wana vimeng'enya vya kuivunja. Sasa hiyo jeni waliitoa wapi, waliitengeneza baada ya neti kuja au? Na kama hii wameiweza si wataziweza dawa zote?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hawakuitengeneza, ilikuwepo zamani sana kabla ya neti. Ni ya ukoo mkubwa unaitwa P450, upo kwa bakteria, mimea, mbu, hata wewe hapo ulipo, ukimeza mseto wa malaria ini lako linaivunja lumefantrini kwa kimeng'enya cha ukoo huohuo. Binadamu tuna jeni 57 za P450 zinazofanya kazi, mbu wa malaria Anopheles gambiae, jenomu yake (yaani DNA yake yote) iliposomwa 2002 wakakuta kama 111, yaani katuzidi karibu mara mbili.

Ukoo unakua kwa kunakiliwa. Mayai na mbegu za kiume zikitengenezwa, kromosomu mbili zinabadilishana vipande, sasa kuna wakati zinakuwa hazijapangana sawasawa, basi moja inatoka na nakala mbili za jeni zimekaa ubavuni na nyingine inatoka haina kitu. Mwenye mbili ni kama mvuvi mwenye nyavu mbili, moja inaendelea na dagaa wa kila siku, ya pili anaweza kuibadilisha matundu ajaribu samaki wengine na nyumbani watu wakala. Nakala nyingi zinaharibika zinafia humohumo kwenye DNA, hata sisi tunazo zilizokufa kibao, ila chache zinapata kazi mpya. Mcheki mbu mwingine wa malaria, Anopheles funestus, jeni zake CYP6P9a na CYP6P9b zimekaa jirani kabisa, ni pacha wa kunakiliwa, na zote zinavunja pairethroidi, ile dawa ya kwenye neti za kawaida.

Afu hapa ndo napapenda mimi. Protini za P450 zina asidi amino kama 500, na karibu na mwisho kuna sisteini moja inayoshika chuma cha hemu (kipande chenye chuma kinachofanya kazi yenyewe), hiyo ikibadilika kimeng'enya kimekwisha, kwa hiyo ukoo mzima wanayo. Ila sehemu zinazogusana na kemikali inayoingia zinabadilika haraka, ndo maana chuma ni kilekile lakini kila mmoja ana sumu zake anazozimudu. Neti zilipokuja tayari kulikuwa na mbu wachache ambao jeni hizi kwao zinazalisha kimeng'enya kingi kuliko wenzao, neti ikaua wengine, hao wakabaki wakazaana.

Swali la pili sasa, na jibu lake limepatikana hapahapa mkoani kwetu. Misungwi walifanya jaribio la neti za aina nne, matokeo yakatoka 2022. Neti yenye dawa nyingine iitwayo klorfenapiri pamoja na pairethroidi ilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 ndani ya miaka miwili ukilinganisha na neti ya pairethroidi peke yake. Klorfenapiri ikiingia kwa mbu bado si sumu kali, P450 za mbu mwenyewe zinaikata kipande na hapo ndo inageuka sumu inayokwamisha mitokondria, vile viwanda vya nguvu vya seli, mbu anaishiwa nguvu anakufa. Umeona? Kimeng'enya kilichomwokoa jana leo kinampikia sumu, na akikipunguza ili akwepe klorfenapiri basi pairethroidi inamsubiri kwenye neti hiyohiyo.

Sisemi hawezi kabisa kutoka hapo, maana mbu ana njia nyingine pia, mfano kubadilisha ile protini ya kwenye neva ambayo pairethroidi inaishika, na hiyo haina uhusiano na P450. Kwa hiyo dawa zote kwa mpigo hapana, ila wataalamu lazima waendelee kuwapima mbu wetu kila mara, na nyie mnaosoma PCB huku ziwani ndo tunawategemea mje muifanye hiyo kazi.